Full House na Fuller House: mjomba, mama mdogo na nyumba moja ya San Francisco

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Juzi niliwajaribishia birika la umeme, leo nimeleta bidhaa isiyoshikika: tamthilia mbili za vichekesho za Kimarekani, tuseme mzazi na mtoto. Mzazi ni Full House, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha ABC kuanzia Septemba 1987 hadi Mei 1995, misimu 8. Mtoto ni Fuller House, ambayo Netflix waliitoa Februari 2016 na kuifunga Juni 2020, misimu 5. Nimekuwa nikizitazama usiku, watoto wakishalala, na wakati mwingine mama yangu akiwa pembeni anachagua mchele. Kila mtu husema hizi ni tamthilia za maadili ya familia. Haya, tuyaangalie hayo maadili.

Kwa ambaye hajaiona: tuko San Francisco. Danny Tanner anatangaza michezo kwenye televisheni. Mkewe, Pam, ameuawa na dereva mlevi, akamwachia mabinti watatu. D.J. ana miaka 10, Stephanie 5, na Michelle bado yuko kwenye nepi. Danny anawaita wanaume wawili waje kuishi naye: Joey, mchekeshaji, rafiki yake wa tangu utotoni, na Jesse, ndugu wa marehemu.

Hapo kwa Jesse simameni kidogo. Wamarekani wanamwita "anko", na anko siku hizi ni mtu yeyote, hata konda wa daladala. Joey naye anaitwa hivyohivyo. Kwetu sisi Jesse ana jina lake kamili: mjomba. Kaka wa mama. Kijana wa pikipiki na gitaa, nywele anazihangaikia kuliko bi harusi, nepi hajui mbele wapi nyuma wapi. Lakini dada yake amekufa na wale ni wapwa zake, basi amekuja na mizigo yake. Ukiitazama kwa jicho hilo, vichekesho vyote vya jikoni vinapata uzito. Huyu ni mtu aliyefiwa anayejifunza kubadilisha nepi.

Na waandishi walilijua hilo, hata kama hawakuwa na neno lake. Mwaka 1991 Jesse anamuoa Rebecca, mtangazaji mwenzake Danny. Mpango ni kuhamia kwa mke, kama watu wazima wafanyavyo. Michelle anamwona mjomba anafunga virago, na nyumba nzima inapoa. Mwisho wake? Wanatengeneza dari, bwana na bibi harusi wanahamia juu, na baadaye mapacha wao wanalelewa humohumo. Nilicheka, maana Mmarekani wa kwenye televisheni akioa huwa anaondoka. Huyu kaoa akapanda ghorofa moja.

Sasa kipande ambacho ningewaambia mtazame hata kama hamtatazama kingine chochote. Stephanie anagundua kwamba mwanafunzi mwenzake, Charles, anapigwa na baba yake. Charles amemwapisha asimwambie mtu. Mtoto wa watu anatembea na ile siri hadi inamlemea, kisha anamfikia Jesse. Na Jesse hamwambii "mambo ya watu tuachie wenyewe", maneno ambayo nyie na mimi tumeyasikia mara ngapi? Anamweleza kwamba kuna siri za kutunza na kuna siri za kusema, halafu anapiga simu kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto. Charles anaondolewa kwao. Stephanie anaumia, anajiona msaliti, wala hakuna anayemdanganya kwamba ataacha kuumia usiku huohuo. Kwa tamthilia ya saa mbili usiku, ya miaka ile, ule ni ujasiri.

Si kwamba haina kasoro, jamani. Kila kosa linasuluhishwa kitandani, mzazi kakaa pembeni ya mtoto, muziki laini unaingia, na ukisikia tu ile kinanda unajua zimebaki dakika tatu. Pesa haimkoseshi mtu usingizi, ndani ya nyumba ya San Francisco! Na Pam, mama wa watoto, zinapita wiki na wiki hatajwi. Mama yangu ndiye aliyeliona hilo. "Hawa hawana hata arobaini?" Sikuwa na jibu.

Twende kwa mtoto. Fuller House inageuza meza: sasa D.J. ndiye mjane. Ni daktari wa wanyama, mumewe Tommy alikuwa zimamoto, na wana wavulana watatu: Jackson, Max na mchanga aliyepewa jina la baba yake. Danny alitaka kuiuza nyumba, akaghairi. Stephanie anahamia, na Kimmy Gibbler, yule jirani msumbufu wa zamani, anahamia na binti yake Ramona.

Kipande cha kwanza kilinichosha. Kila mhusika wa zamani akiingia mlangoni, watu studioni wanapiga kelele kama timu imefunga bao. Wanagawa skrini nusu kwa nusu, 1987 upande mmoja, 2016 upande wa pili, wimbo uleule unaimbiwa mtoto mwingine. Mapacha Olsen waliomcheza Michelle walikataa kurudi, basi anasemwa yuko New York na biashara ya mavazi, kisha wote wanageuka kuikodolea kamera. Mara moja inachekesha. Wanarudia.

Pia kuna mizaha ya chumbani mingi kuliko inavyofaa kitu kinachouzwa kama cha familia. Mimi rimoti sikuiachia, na nawashauri nanyi msiiachie mkiwa na watoto wa chini ya miaka 10.

Lakini Stephanie, ndugu zangu. Ndiye aliyenibakisha. Mapema tu anasema hawezi kuzaa, anasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kulisema. Na wale wavulana anawalea. Kiingereza kinamwita "anti" na kumwacha hapo, ila sisi tuna mama mdogo. Yeye tayari ni mama, kanyimwa jina na lugha tu! Kisha madaktari wanapata mayai yanayofaa, na mpenzi wake ni Jimmy, kaka yake Kimmy. Anayebeba mimba? Kimmy. Mtoto anazaliwa, wanamwita Danielle, jina la babu yake Danny.

Fuatilieni vizuri: dada wa baba amebeba mimba ya mtoto wa kaka yake. Shangazi ndiye aliyezaa! Hapo Fuller House imeacha kumwigiza mzazi wake na kusimama yenyewe, maana Kimmy tangu 1987 alikuwa wa kufukuzwa mlangoni, na sasa nyumba nzima inamsubiri yeye ajifungue.

Alama zangu: Full House 7 kwa 10, Fuller House 5, na hizo 5 karibu zote ni za Stephanie na Kimmy. Kama muda ni mchache, anzeni na ya zamani. Bob Saget, aliyekuwa Danny, alifariki Januari 2022, na ukimwona pale anavyopiga deki huku anafoka, unamkumbuka.

Usiku ule Danielle alipozaliwa nilimtafsiria mama hadithi yote, nani ni nani. Aliweka ungo chini, akahesabu kwa vidole, akarudi mwanzo, akahesabu tena. "Sasa huyo mtoto akilia usiku, anaamka nani?"

Nikamwambia, wote wako nyumba moja.

"Ah," akasema, akaokota ungo wake.