TAHADHARI: Unayetaka kubadilisha taa za dashibodi mitaa ya Gerezani, soma hii kwanza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Kuna kijana mitaa ya Gerezani anajiita fundi wa mita za magari. Ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi, kalamu mfukoni, salamu nzuri, heshima tele. Huyo mtu ni tapeli. Lile duka silitaji kwa sababu jalada liko polisi na nimeambiwa nisiharibu, lakini nikimaliza kusimulia mtamjua hata mkikutana naye gizani.

Gari ni ile ile Corolla 110 ya 1997, na msianze kuniuliza kwa nini sijaiuza, hilo tulishalimaliza. Tatizo lenyewe lilikuwa la kudharaulika. Usiku ukiwasha taa, mita ya spidi inamulika nusu. Kuanzia 80 kwenda juu unasoma vizuri kabisa, kuanzia sifuri hadi 60 giza. Sasa niambieni, kwa foleni za Dar nani ana shida na 120? Mimi maisha yangu yote yako kwenye 50, na hapo kwenye 50 ndipo trafiki wanapokaa na tochi ya kupima mwendo. Faini ya elfu thelathini nilishailipa mara moja kwa kukisia mwendo kwa sikio, sikutaka kuirudia.

Kazi hii ningeifanya mwenyewe, na nusu yenu mnaosoma hapa nimewabadilishia plagi nje kwangu bure. Unafungua skrubu mbili za juu za fremu, unaivuta taratibu isivunje meno, unafungua skrubu za mita, unachomoa soketi za nyuma, balbu unaizungusha robo tu inatoka na kishikio chake. Kwisha. Lakini mkono wangu wa kulia mnajua hali yake tangu ile habari ya bodaboda, na kule nyuma ya mita hata mkono mzima unapita kwa kubembeleza. Na sikwenda kwa mtu wa barabarani. Nilielekezwa na yule bwana ninayenunua oili kwake miaka yote. Akanipa na kijana wake anisindikize mpaka mlangoni. "Mwambie nimekutuma mimi, atakufanyia bei ya nyumbani." Hilo la bei ya nyumbani nitalirudia, lina yake.

Sasa sikilizeni jamaa anavyofanya kazi. Kabla ya kuingia kwenye gari alitandika kitambaa juu ya siti. Skrubu akawa anazipanga kwenye kifuniko cha kopo la Blue Band kwa mpangilio wa zilivyotoka, za juu huku, za chini huku. Mafundi wangapi mnaowajua wanafanya hivyo? Wa kwangu wa Mbagala anaziweka mdomoni. Kabla hajafungua chochote akaweka swichi kwenye ON bila kuwasha injini, akawa ananionyesha kwa kidole: "Oili inawaka, betri inawaka, hendibreki inawaka. Bosi wangu, hizi nzima, hatuzigusi. Usije ukapoteza hela bure. Shida yako ni balbu mbili za kumulika, hizi za T10, basi."

Balbu mbili, basi. Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu anayekuzuia usitoe hela utamshuku kwa lipi? Nikamwambia, "Mdogo wangu, endelea."

Akaitoa mita akasema anaipeleka nyuma akaipime kwenye betri, maana mbele pale hakuna nafasi. Nikainuka nimfuate. Akasema, "Karibu mzee wangu, ila pana maji, angalia viatu." Nikaangalia viatu. Nikakaa. Mara adhana ya adhuhuri. Akachungulia kwenye pazia, "Bosi wangu, tuipe haki yake kwanza, dakika kumi." Ningesema nini? Nikamwambia nenda kaswali.

Aliporudi uso umebadilika, kama muuguzi anayekuja kukuita pembeni. Mkononi ana ile sakiti ya nyuma ya mita, ile karatasi ngumu ya plastiki yenye mistari ya shaba. Imeungua. Sehemu ya kama kidole gumba imekuwa nyeusi, plastiki imejikunja, na ilikuwa na harufu, wakuu, harufu ya kuungua kabisa, akaisogeza puani mwangu ninuse. Akamulika kwa tochi ya simu: "Unaona hapa? Njia imekatika. Hata nikikuwekea balbu mpya leo, kesho zinaungua tena. Na hii ikishika moto ukiwa barabarani, mimi nitasema nini kwa familia yako?"

Mimi familia yangu mnaijua. Mtoto wa mwisho anakaa siti ya mbele.

Bei: sakiti ya mtumba kutoka Japani pamoja na seti nzima ya balbu za LED, 180,000. Seti haiuzwi nusu, kwa hiyo zile za oili na betri ambazo hatuzigusi, sasa imebidi tuziguse. Nikabishana naye mpaka akashuka 120,000, akajishika kichwa, akasema namuua tajiri yake. Nilijiona mjanja! Nikaomba ile iliyoungua niondoke nayo, akasema hapana, inarudi kwa tajiri ili apewe nyingine. Ikaingia droo. Nikalipa kwa simu, namba yake binafsi, jina lililotokea ni la mwanamke. "Ni la mke wangu bosi, laini yangu imejaa." Risiti ni kikaratasi cha kuchana, muhuri hausomeki. TRA kila siku wanatuimbia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na mimi nilidai, akasema mashine ya EFD imeishiwa karatasi.

Usiku ule dashibodi ilipendeza, bluu tupu, mke wangu akasema umenunua gari jingine. Haikuchukua muda. Kwanza zile LED zikaanza kucheza nikipunguza mwanga kwa kile kigurudumu cha kuzungusha. Kisha zikawa zinamulika kwa madoa, namba 40 inang'aa, 50 haipo. Halafu jioni moja, Mtoni kwa Azizi Ali, foleni imesimama, redio ikazima, taa zikafifia, gari likafa katikati ya Kilwa Road, na mabasi yananipigia honi mpaka wajomba zangu walioko makaburini wamesikia. Vijana wakasukuma. Oltaneta ilikuwa imeacha kuchaji betri na taa ya betri haikuwaka hata sekunde moja kunitahadharisha.

Kwa nini haikuwaka? Fundi umeme wangu wa Mbagala, huyo huyo wa skrubu mdomoni, akafungua mita na kuanza kucheka. LED ina chanya na hasi, siyo kama balbu ya kawaida ambayo ukiigeuza vyovyote inawaka. Ya betri ilikuwa imewekwa kinyume, na ya oili pia kinyume. Yaani ningeweza kuendesha injini kavu bila oili mpaka ikafa, huku dashibodi inaniambia kila kitu salama. Akazigeuza tu, zikawaka. Akaniambia pia kuna magari ya zamani ambayo ile balbu ya betri ndiyo inayopitisha umeme wa kuiamsha oltaneta, ukiweka LED pale chaji inaweza isianze kabisa. Langu siyo la aina hiyo, lakini jamaa atakuwa amewawekea wangapi?

Halafu akageuza mita. Wakuu, mnakumbuka ile rangi ya kucha? Mwaka ule nilipounga njia moja ya shaba kwa risasi ya kuchomelea, nikafunika kwa tone la rangi nyekundu ya mke wangu isishike kutu, mkanicheka wiki nzima? Tone lilikuwa pale pale. Jekundu. Kwenye "sakiti mpya kutoka Japani". Hakubadilisha chochote! Sakiti ni yangu, haijawahi kuungua, haijaguswa. Ile aliyoninusisha ni ya gari jingine, anaiweka droo, na sina shaka anaipitisha kwenye kiberiti kabla ya kuitoa ili harufu isiishe. Na nikikaa nikaivuta picha kichwani, ilikuwa na nafasi ya duara kubwa mbili, spidi na RPM, ile ya mizunguko ya injini. Mita yangu haina RPM! Haijawahi kuwa nayo! Lakini mtu ameshakutajia moto na mtoto wako, nani anahesabu duara? Na pale pa tone langu ndipo palipoungua kwenye ile ya kwake, sasa ningelitafuta wapi?

Balbu mbili, kwa mujibu wa fundi wa Mbagala, ni buku moja moja. Elfu mbili, na ufundi ungenipa chai.

Nilirudi. Pale dukani wanasema hawamjui vizuri, huwa anakodi kaunta tu. Nikapiga simu, akapokea, "Bosi wangu! Nakutumia kijana sasa hivi," kisha akaniblock. Nikaenda kwa yule bwana wa oili. Anaangalia chini. Kumbe anapewa cha juu kwa kila kichwa anachopeleka. Miaka yote ninanunua oili kwako, mzee mwenzangu, unaniuza kwa cha juu? Bei ya nyumbani ndiyo hiyo? Na wewe ukisoma hapa ujue simu yako sitapokea, hata Ramadhani usiniletee tende.

RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nimechukua. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hili nataka lifike mahakamani, siyo yale ya kusuluhishana kaunta anarudisha elfu ishirini na pole. Afungwe. Sisemi apigwe, hasira za wananchi zinaua na mimi sitaki damu ya mtu, lakini afungwe, na ile droo ije mahakamani kama kielelezo, tuhesabu ni wangapi wamenusishwa ile karatasi. Wazee wenye Carina zao na Mark II, akina mama wanaopeleka gari wakiwa na haraka ya kufuata watoto shule, wote hao wanarudi nyumbani na taa ya oili iliyogeuzwa. Huo si utapeli wa hela tu. Anayegeuza taa ya oili awekwe ndani na fremu ya duka ivunjwe. Na FCC, wale wa ushindani wa biashara, na TBS wa viwango wapite Gerezani siku moja waulize hizo "seti za Japani" zinatoka Japani ipi.

Kwa atakayekwenda huko: mita isiondoke machoni pako, pana maji au hapana. Kifaa kibovu ni chako, ondoka nacho. Kabla hujalipa weka ON uone oili, betri na hendibreki zote zinawaka, kisha washa injini na shusha hendibreki, zizime. Taa ndogo za nyuma zikiwaka na dashibodi giza, huenda fyuzi ni nzima, maana kwenye Toyota nyingi za umri huu zinatumia moja, ile iliyoandikwa TAIL, msikubali kuuziwa fyuzi kabla hamjaiona imekatika. Jina la malipo likiwa la mtu mwingine, rudisha simu mfukoni. Mengine nimesahau, nina hasira. Afungwe tu!

Na jambo la mwisho, ni ombi. Zile balbu za kumulika zilikuwa na vikofia vya mpira vya kijani, ndivyo vinavyoipa mita ile rangi yake. Ameondoka navyo vyote. Fundi wangu ameshaweka balbu za kawaida na sasa inamulika njano. Mwenye mita mbovu ya 110 inayozagaa stoo aniambie, navifuata mwenyewe hata Bunju.