Fundi wa ruta pale Isevya: kazi anaijua, muda ndo shida

Wana Tabora mnaoulizaga fundi wa kufungua porti (mlango wa kupitishia data kutoka nje) kwenye ruta ya nyumbani, kuna jamaa ana kibanda Isevya, anatengeneza simu na laptop, kwa hii kazi nampa nyota nne kwa tano na hiyo moja iliyobaki ntasema imeenda wapi.

Mi nafundisha tuisheni ya jioni kwa vidio, Jitsi (programu ya mikutano ya vidio) nimeiweka kwenye kompyuta ya zamani hapa Cheyo ili nisikodi seva. Sasa tukiwa wawili tunaonana fresh kabisa, akiingia mwanafunzi wa tatu picha na sauti vyote kwisha, yanabaki majina tu kwenye skrini. Fundi wa kwanza (simtaji) akasema intaneti ndogo, pandisha kifurushi, nikapandisha, hali ile ile. Huyu wa Isevya kusikia tu "wa tatu" akacheka, mwalimu hapo spidi haihusiki, mkiwa wawili Jitsi inawaunganisha wenyewe kwa wenyewe, mkifika watatu kila kitu kinapita kwenye seva, yaani hiyo kompyuta yako, kwa porti 10000 ya UDP. Kufungua ruta tunakuta 10000 ipo kweli ila yule wa kwanza kaiweka TCP, ambayo ni njia nyingine ya kutuma data, siyo UDP. Jamani!

Ila kilichonifanya nimwamini ni kwamba kabla hajagusa kitu aliuliza IP ya WAN (anwani ya ruta upande wa intaneti) inaanza na ngapi. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue anwani ya nje mnachangia na wateja wengine kibao, hata ufungue porti mpaka kesho hakuna kitakachoingia, na ruta nyingi za laini ya simu ndo ziko hivyo. Jirani yangu anayo ya laini, fundi hakumchaji hata mia, alimwambia kaombe IP ya pablik kwanza, yaani anwani ya nje isiyochangiwa.

Halafu akaipa kompyuta IP moja isiyobadilika kwa kutumia MAC adresi (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao), maana na umeme wetu huu, ruta ikiwaka upya inaweza kugawa IP upya, porti unakuta inaelekeza kwenye tivii ya sebuleni. Kwa hilo tu elfu ishirini yake ni halali. Kupima akakataa waifai ya ndani, akawasha data ya simu yake, maana kuna ruta ukiwa ndani ukaita IP ya nje haikurudishi, unadhani imefeli kumbe iko poa.

Sasa ile nyota moja: alisema anakuja asubuhi akaja saa kumi jioni, simu hapokei. Na mwanzo alitaka aweke DMZ amalize haraka, yaani kompyuta yangu porti zote wazi dunia nzima igonge, nikakataa, akanuna kidogo ila akaacha wazi porti mbili tu ambazo Jitsi inazitumia, 443 TCP na 10000 UDP. Paswedi ya ruta nayo aliiacha admin vile vile, mkimwita mwambieni abadilishe mbele yenu.

Kama shida yako ni kuonana na shangazi wa Dar tu, WhatsApp na Zoom hazihitaji mambo haya kabisa, usimsumbue jamaa.