Askari wa miamvuli na baiskeli ya kukunja, skeli 1/35: spoku ndo kazi yenyewe

Nimemaliza juzi usiku baada ya wiki tatu, naandika sa hivi kabla sijasahau. Ni seti ya mfano wa plastiki wa kuunga mwenyewe, askari wa miamvuli wa Uingereza wa vita ya pili ya dunia na baiskeli yake ya kukunja ya kampuni ya BSA, skeli 1/35, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 35, mtu mmoja baiskeli moja, anatembea huku anaisukuma, mkono wa kushoto uko kwenye usukani, wa kulia uko kwenye siti. Kampuni iliyotoa seti siitaji maana nina malalamiko, na pia seti za aina hii ziko nyingi na shida zake zinafanana kwa hiyo nayosema yatakusaidia hata ukinunua ya mwingine.

Kwanza niseme mi nimekulia kwenye banda la fundi baiskeli, Shinyanga, mzee wangu ndo kazi yake mpaka leo, nimekaza spoku kabla sijajua kusoma vizuri. Kwa hiyo baiskeli ya mfano ikikosewa naiona haraka sana. Na nyingi zinakosewa sehemu moja, magurudumu. Piga hesabu: spoku ya kweli ina unene wa milimita 2 hivi, ukigawa kwa 35 unabaki na kitu chembamba kama unywele. Plastiki haiwezi kutoka kwenye moldi ikiwa nyembamba hivyo, wakijitahidi sana wanakupa labda milimita 0.4, sasa hiyo ukiikuza mara 35 inakuwa milimita 14, yaani nondo ya kujengea! Baiskeli yenye nondo badala ya spoku, hapana aisee.

Hii seti wametumia bati la shaba lililochorwa kwa asidi, na hapo nawapa pongezi zote. Kila gurudumu lina vipande viwili vya spoku, cha kulia na cha kushoto, halafu kuna kibao cha plastiki chenye shimo na kitufe chake, unaweka kipande katikati unakandamiza taratibu kinatoka na umbo la kisahani. Hicho kisahani ndo kila kitu, maana gurudumu la kweli spoku zinatoka kwenye habu, ile ya katikati ya gurudumu, zikiwa zimeachana halafu zinakuja kukutana kwenye ringi, ukilitazama kwa mbele unaona pembe tatu. Kuna seti wanakupa bati bapa tu unabandika, gurudumu linakuwa kama feni. Ila kabla hujakandamiza pasha bati juu ya moto wa mshumaa sekunde chache liache lipoe lenyewe, litakuwa laini. La kwanza sikulipasha, spoku mbili zikakatika kwenye habu, nikatengeneza upya kwa uzi mwembamba wa waya wa umeme, kazi ya jioni nzima. Maelekezo ya kwenye sanduku hayasemi lolote kuhusu moto, na hilo ni lalamiko langu la kwanza.

Gurudumu la inchi 26 kwenye skeli hii halifiki sentimita 2, ni kama kifungo cha koti, kwa hiyo tumia supaglu kwa ncha ya sindano, nukta moja moja, ukimimina tu spoku zinafunikwa na utando.

Fremu yenyewe nimeipenda mno. BSA ya Birmingham waliitengeneza ile baiskeli kwa ajili ya wanajeshi wa angani, fremu yake ni mabomba mawili mawili yaliyopinda yakatengeneza kama yai, na katikati kuna bawaba mbili zinazokazwa na nati za masikio, zile unazikaza kwa vidole bila spana. Pedeli zake hazina ubao wala mpira, ni vyuma tupu kama vijiti unavisukumia ndani ikikunjwa visitokeze. Iliposhushwa kwa mwamvuli iliwekwa siti na usukani kwa chini, vigonge ardhi vyenyewe kwanza magurudumu yasipinde. Kwenye seti hii nati za masikio zipo, zinaonekana, pedeli ni vijiti kama inavyotakiwa. Mtu aliyechora hii alikaa na baiskeli ya kweli mbele yake. Na ukiangalia zile picha za Wakanada wakishuka ufukwe wa Juno, Normandi, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944 wakiwa na baiskeli mkononi, utaona fremu ni ileile, sio miamvuli peke yao walizitumia.

Sasa askari. Uso mzuri, helmeti ya miamvuli haina ukingo kama inavyotakiwa. Shida ni mikono. Ukimuunga askari peke yake ukaacha akakauka halafu ukamletea baiskeli, kiganja hakifiki usukani, kinakosa kama milimita moja. Milimita moja hapa ni sentimita tatu na nusu kwa mtu wa kweli, inaonekana wazi, anakuwa kama anaipungia baiskeli. Lalamiko la pili hilo. Dawa yake: bandika viganja kwenye usukani na siti kwanza, halafu unga mikono mabegani gundi ikiwa bado mbichi, msimamishe pamoja na baiskeli, acha usiku mzima. Bega langu la kulia lilibaki na upenyo, nikajaza putti.

Rangi ndo sehemu niliyofurahia zaidi. Baiskeli ipake yote kabla ya kuibandika hivyo viganja na kuiunga na mtu, kijani cha jeshi, halafu wosh, yaani rangi iliyozimuliwa, nyeusi nyembamba kwenye cheni na habu. Suruali nimetumia rangi ya kampuni ya Vallejo namba 70.921, ile English Uniform, inakaa sawasawa na sufu ya kaki, sikuichanganya na kitu. Joho la Denison, lile jaketi la kamoflaji la askari wa miamvuli, ndo mtihani. Usilipake mabaka ya duara kama kamoflaji za kisasa, yale ya mwanzo yalipakwa kwa brashi kubwa juu ya kitambaa cha rangi ya mchanga, kijani na kahawia, na mikwaruzo ya brashi inaonekana mwisho wa kila baka. Kwa hiyo chukua brashi ya zamani iliyotawanyika nywele, ikaushe rangi kidogo kwenye tishu, vuta mara moja inua. Ukirudia rudia unaharibu. Nililipaka mara mbili, la kwanza nilifuta lote kwa spiriti.

Nembo ya begani, yule farasi mwenye mbawa Pegasus wa bluu ya anga kwenye wekundu wa damu ya mzee, imekuja kama stika ya maji na imechapwa safi kabisa, ukiiangalia kwa lenzi unamwona mpaka mpanda farasi na mkuki wake.

Kama hujawahi kushika bati la shaba, usianze na hii, tafuta kwanza askari wa kawaida asiye na baiskeli uzoee gundi na rangi. Kama umeshazoea, nunua bila wasiwasi, kwa baiskeli tu hela yako imerudi. Picha ya gurudumu la nyuma nilimtumia mzee, akaikuza kwenye simu akahesabu spoku moja moja, akaniambia hapa hamna iliyolegea.

Nimeshaagiza ya pili, hiyo naifanya ikiwa imekunjwa, nati zimefunguliwa, imelala kwenye nyasi pembeni ya mwamvuli.