Kabla ya kulipa garanti Goma, zima taa uangalie mita

Dada mmoja aliyehamia mtaa wa Himbi mwezi jana amenililia kwamba umeme wa dola 10 unamwishia kwa siku nne. Hana friji wala televisheni, ana taa tatu na resho tu, lile jiko dogo la umeme. Alinirudisha mwaka 2022, nilipokodi studio yangu ya kwanza, nyumba ya chumba kimoja, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Ilikuwa na vigae, choo cha ndani, tanki la maji, na mita yake yenyewe ukutani. Nililipa garanti, ile amana ya mwenye nyumba, siku ileile. Kila nilipomwambia mwenye nyumba kwamba umeme unaisha mbio, alinijibu: "Mama, punguza resho." Nikapunguza. Nikarudia makala, yaani makaa ya kupikia, moshi ukaingia mpaka kwenye mashuka. Kisha nikapanda boti kwenda Bukavu, siku sita, nimezima kila kitu. Niliporudi mita ilikuwa sifuri. Butiki (duka) ya mbele, ile yenye friza ya soda, ilikuwa imevuta waya kutoka kwangu. Miezi minane nililipia friza ya mtu mwingine, na hakuna aliyenirudishia hata franka moja.

Kwa hiyo sitakueleza habari za vigae wala rangi ya ukuta, macho unayo. Ninachokuomba ni hiki: nenda kuangalia nyumba wakati umeme upo. Omba vitu vyote vizimwe, chomoa hata chaja ya simu, halafu simama mbele ya mita dakika tano nzima. Mita za kununua umeme mapema zina taa ndogo inayopepesa kadiri umeme unavyopita. Kama inaendelea kupepesa na nyumba yako iko giza, kuna mtu kwenye waya wako. Komisionere, yaani dalali wa nyumba, atakuharakisha, atasema kuna mteja mwingine anangoja. Mwache angoje.

Na mita ikiwa ya parseli nzima, yaani ua wenye nyumba kadhaa, ondoka. Mwenye pasi na friji anatoa pesa sawa na mwenye taa moja, na umeme ukikatika saa tatu usiku kila mlango unangoja mwenzake akanunue. Nimeona majirani wa miaka mingi wakiacha kusalimiana kwa sababu hiyo.

Kati ya mitaa ya Goma, namba moja kwangu ni anexe, nyumba ndogo ya pembeni, ya chumba na sebule pale Katindo, yenye mita yake ya Virunga Énergies. Sifichi, kampuni hii naipenda. Umeme wao unatoka kwenye maji, kituo cha Matebe kule Rutshuru kilichoanza kazi mwaka 2015, na hapa ninapokaa sasa maharage yanaiva kwenye resho bila kugusa makala. Mtandao wao wa umeme haujafika kila avenue, kwa hiyo usiridhike na "watatuunganisha karibuni". Kutoka Katindo nafika katikati ya mji kwa miguu, pesa ya motari, mwenye pikipiki, inabaki mfukoni. Tafuta tu viatu vya soli ngumu, maana mawe ya volkano hayana huruma.

Ya pili, Himbi, lakini ghorofani. Kuna hewa ya ziwa na utulivu. Ukishuka kuelekea Kyeshero, waulize majirani, si mwenye nyumba, kuhusu mazuku. Ile hewa inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina harufu, inatuama mabondeni usiku na alfajiri upepo ukitulia, na inaua. Chumba kilicho shimoni upande huo sikichukui hata bure.

Ya tatu, Les Volcans. Kila kitu kiko mlangoni, ila bei imepangwa kwa watu wa mashirika ya misaada. Mwalimu anaulizwa dola zilezile anazoulizwa mgeni anayelipiwa nyumba na ofisi yake, na akishangaa anaambiwa aende Mugunga. Hili linaniuma sana. Watu waliozaliwa mji huu wanasukumwa pembeni mwaka hadi mwaka.

Birere na Mapendo ni nafuu, soko liko karibu, na mita ya pamoja karibu kila parseli niliyoingia. Ndosho kuna umeme wa jua wa kampuni ya Nuru, mzuri, lakini kwa miguu hufiki mjini.

Garanti sasa. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema wazi kwamba kwa nyumba ya kuishi garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Mimi, kwa nyumba ninayokaa sasa, niliombwa sita, juu yake mwezi mmoja wa komisionere, na pesa ya kunitembeza kuona nyumba mbili ambazo tayari zilikuwa na watu. Niliitaja sheria hiyo kwa namba yake, polepole na kwa heshima, komisionere akisikia. Tukashuka hadi minne. Kwenye mkataba nikaandikisha namba ya mita na uniti zilizobaki siku ile, mwenye nyumba akasaini chini yake.