Miezi minane na mashine ya kupimia presha nyumbani

Mashine ninayoitathmini hapa ni ile ya mkono wa juu inayojaza hewa yenyewe: kisanduku cha plastiki chenye skrini, mkanda wa kitambaa unaofungwa juu ya kiwiko, na mrija wa mpira unaoviunganisha. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu sehemu kubwa ya nitakayoyaeleza inazihusu mashine zote za aina hii, na sitaki msomaji adhani kuwa kwa kuikwepa kampuni moja atakuwa amekwepa tatizo. Niliinunua baada ya kupimwa kliniki nilikokwenda kwa jambo lingine kabisa. Namba ilitoka 154/96, mhudumu akarudia baada ya dakika chache, ikatoka 148/92, naye akaniambia kwamba kabla ya kuzungumzia dawa nipime nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja, kisha nirudi na daftari.

Ushauri huo ulikuwa na mantiki ambayo sikuijua wakati ule. Shinikizo la damu hupanda na kushuka mchana kutwa, na wapo watu ambao kwao hupanda mara tu wanapokaa mbele ya mhudumu wa afya, ilhali nyumbani wako sawa. Wapo pia wengine ambao kliniki huonekana wazima kumbe nyumbani namba ziko juu, na hawa ndio wa kuhofiwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayewashuku. Ndiyo sababu miongozo mingi huweka mpaka wa 140/90 kwa kipimo cha kliniki, lakini kwa wastani wa nyumbani mpaka hushuka hadi 135/85. Wataalamu wa Marekani, tangu mwongozo wao wa mwaka 2017, wanahesabu kuanzia 130/80. Kwa hiyo hata kabla ya kuuliza kama mashine inasema kweli, mtu anapaswa kujua namba yake inalinganishwa na mpaka upi.

Watu wengi hudhani kuwa mashine hii inafanya kile anachofanya muuguzi mwenye stetoskopu, ila kwa umeme. Sivyo. Mkanda wa kujaza hewa ulibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari wa Kirusi Nikolai Korotkov akaonyesha kuwa mtu akisikiliza mshipa chini ya mkanda wakati hewa inapungua, sauti inapoanza huwa ni namba ya juu na inapokoma huwa ni namba ya chini. Mashine ya nyumbani haisikilizi chochote. Inahisi mitikisiko midogo ya hewa ndani ya mkanda, inatambua mahali mitikisiko hiyo ilipo mikubwa zaidi, ambapo ni karibu na shinikizo la wastani, kisha inazikokotoa namba ya juu na ya chini kwa kanuni ambayo kila mtengenezaji huificha kama siri ya biashara. Kwa maneno mengine, zile namba mbili tunazoziamini sana ni makadirio.

Makadirio si jambo baya iwapo yamepimwa dhidi ya ukweli, na hapa ndipo penye lawama yangu kubwa. Kipo kigezo cha kimataifa kinachotaka mashine ijaribiwe kwa watu wasiopungua 85 kwa ujumla, huku wapimaji waliofunzwa wakilinganisha matokeo yake na yale ya stetoskopu, na tofauti ya wastani isizidi milimita 5 za zebaki, ambacho ndicho kizio cha namba hizi za presha. Boksi la mashine yangu liliandikwa kwamba imethibitishwa kitabibu, bila kutaja kigezo wala mahali pa kuhakikisha. Nilipoitafuta katika orodha huru za mashine zilizofaulu, nilikuta toleo lenye namba inayofanana na yangu isipokuwa herufi moja ya mwisho. Niliwaandikia watengenezaji, wakajibu kwa adabu kwamba matoleo hayo mawili yanatumia teknolojia ileile. Huenda ni kweli. Lakini mnunuzi hapaswi kufanya kazi ya upelelezi juu ya herufi moja, hasa ikikumbukwa kuwa uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu kwa milimita 5 tu hupunguza hatari ya kiharusi, mshtuko wa moyo na matatizo makubwa ya aina hiyo kwa takriban asilimia 10. Kosa la milimita 5 kwenye mashine, basi, si dogo hata kidogo.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi halikutoka kwenye kisanduku bali kwenye mkanda, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu katika tathmini hii ningesema hili. Mkanda uliokuja na mashine umeandikwa kuwa unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wangu, nilipoupima kwa futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko, ni sentimita 35. Mkanda ulifungika, hata kama kwa shida, mashine haikulalamika, na wiki nzima ya kwanza ilinipa wastani wa 146/91. Nilipopata mkanda mkubwa, ambao huuzwa peke yake na hautajwi popote mbele ya boksi, wastani wa wiki iliyofuata ulikuwa 138/87. Mwili ni uleule, mkao ni uleule, saa ni zilezile.

Sikuwa nimegundua jambo jipya. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha jaribio lililopima watu 195 kwa mikanda ya saizi tofauti, wakaona kuwa waliohitaji mkanda mkubwa walipopimwa kwa ule wa kawaida namba ya juu ilizidi kwa karibu milimita 5, na waliohitaji mkubwa kupita wote ilizidi kwa milimita 19.5. Wenye mikono myembamba walidanganywa upande wa pili: namba ilipungua. Maana yake ni kwamba mtu mzima wa afya anaweza kumeza dawa asizozihitaji kwa miaka, na mwembamba mwenye presha akaambiwa aende zake nyumbani, na wote wawili wakiwa wamepimwa na mashine iliyofaulu kila jaribio. Mtengenezaji anayeuza mashine yenye mkanda mmoja bila kumpa mnunuzi hata kipande cha karatasi cha kupimia mkono wake anauza nusu ya bidhaa.

Namna ya kukaa nayo ina uzito wake. Kitabu cha maelekezo kinataja mambo ya kawaida: kupumzika dakika tano, kutokunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, kwenda haja ndogo kwanza, kuegemeza mgongo, kukanyaga sakafu kwa miguu yote miwili bila kuikunja nne, na kunyamaza. Siku za mwanzo nilikuwa najipima nimekaa kitandani, mkono ukiwa juu ya paja, na niliona kuwa maelekezo hayo ni ya kutimiza wajibu tu. Baadaye nikasoma utafiti wa mwaka 2024, wa chuo kilekile, ulioonyesha kuwa mkono ukiwekwa pajani badala ya mezani namba ya juu huongezeka kwa takriban milimita 4, na ukiachwa uning'inie ubavuni huongezeka kwa zaidi ya 6. Tangu siku hiyo napima mezani, mara mbili kwa kila kikao, dakika moja ikipita katikati, na namba za siku ya kwanza ya wiki sizihesabu.

Mengine ni ya kupita. Skrini inasomeka bila miwani. Betri zilidumu miezi sita. Kelele ni ndogo, ijapokuwa mkanda hubana kiasi cha kumshtua anayepimwa kwa mara ya kwanza. Programu ya simu sikuipenda, kwa kuwa inadai nifungue akaunti na kutoa taarifa zisizohusiana na presha, nikarudi kwenye daftari. Kuna alama inayowaka pale mashine inapohisi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kwangu iliwaka mara moja niliposogea, lakini anayeiona ikijirudia anapaswa kwenda kupimwa moyo, kwa sababu mapigo ya namna hiyo ni miongoni mwa vyanzo vya kiharusi, na tena mashine zenyewe huwa hazikadirii vizuri mapigo yakiwa hayana mpangilio. Kumbukumbu ina sehemu mbili, ya mtu wa kwanza na wa pili, jambo ambalo nililiona ni pambo hadi siku nilipokuta wastani wangu umeharibika kwa kuwa kila aliyetutembelea alitaka kujaribu. Siwalaumu. Mmoja wao, mdogo wangu, alikuta 162/101, na hakuwa amepimwa kwa miaka mingi.

Kisa hicho kinanirudisha kwenye swali la faida ya mashine hii kwa afya ya jamii. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, kwamba karibu nusu yao hawajui, na kwamba ni kama mmoja tu kati ya watano ambaye presha yake imedhibitiwa. Kwa kumwangalia mdogo wangu mtu angesema dawa ya tatizo ni kuzisambaza mashine kila nyumba. Ushahidi unasema vingine. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kuwa kujipima peke yake, bila msaada mwingine, hakushushi presha kwa kiasi cha maana. Inayoshuka ni presha ya mtu anayejipima huku mhudumu akizifuatilia namba zake, akimshauri na kumrekebishia dozi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018 liliunga mkono hilo: madaktari wa huduma ya msingi walipopanga dawa kwa kutumia namba za nyumbani, baada ya mwaka mmoja wagonjwa wao walikuwa na presha ya chini kuliko wale waliotegemea vipimo vya kliniki.

Niliyaona hayo kwa macho yangu. Niliporudi kliniki na daftari langu la namba 28 zilizopimwa kwa mkanda sahihi, mhudumu wa siku hiyo, ambaye si yule wa kwanza, aliliangalia jalada, akanipima mara moja huku akiniuliza maswali na mimi nikimjibu, akaandika 150/90, akanirudishia daftari. Nilipomwomba aingize wastani wa nyumbani, alinionyesha fomu: ilikuwa na kisanduku kimoja cha presha ya siku hiyo, basi. Ile 150/90, sifuri mbili zikifuatana, nayo ilinitia shaka, kwa kuwa kukadiria hadi kwenye sifuri iliyo karibu ni mazoea ya tangu enzi za mashine za zebaki. Mwezi mmoja baadaye nilimpata yule wa kwanza. Alitoa kikokotoo, akajumlisha, akapata 138/87, akasema ni juu ya mpaka lakini si kwa kiasi cha kutisha, akanianzishia dozi ndogo. Wiki sita baada ya hapo wastani wa daftari ulikuwa 127/80. Mashine ilikuwa ileile katika ziara zote mbili.

Nimeulizwa kuhusu zile za kifundo cha mkono, za kidole na saa zinazodai kupima presha bila mkanda. Ya kifundo inaweza kumsaidia mtu ambaye mkanda wa mkono wa juu haumfai kabisa, mradi akishike kifundo usawa wa moyo. Za kidole na saa zisizo na mkanda sizishauri, na mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2023 haukuzikubali kwa kazi hii. Mjamzito atafute mashine iliyojaribiwa kwa wajawazito hasa, kwa sababu iliyofaulu kwa watu wengine inaweza kukosea kwake. Na mwenye tabia ya kuhangaika ajiwekee ratiba: kuna wiki nilijipima mara kumi na moja kwa siku, na kila namba ilizaa hofu iliyoizaa namba iliyofuata. Namba ya 180/120 na zaidi ikiambatana na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kuongea si ya kuandikwa daftarini bali ya kukimbilia hospitali.

Mwezi uliopita niliibeba mashine hadi kliniki ili ilinganishwe na ya kwao, jambo linalopendekezwa kufanywa mara kwa mara kwa kuwa mikanda huchakaa na mirija huvuja. Nao siku hizi wanatumia ya kujaza hewa yenyewe, kwa kuwa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulizitaka nchi wanachama ziache kutengeneza na kuuziana vifaa vya zebaki vya kupimia presha kufikia mwaka 2020. Mhudumu alinifunga mkanda wao, na wakati anauvuta ufike niliyasoma maandishi ya pembeni: sentimita 22 hadi 32. Nikamuuliza kama wana mkubwa. Akasema ndio huo mmoja, kwa kila anayeingia. Tukajaribu kuchomeka mkanda wangu kwenye mashine yao. Tundu halikulingana, kwa kuwa kila kampuni ina lake. Nje alikuwa anasubiri bwana mmoja mwenye mikono minene kuliko yangu, na mhudumu akaniomba nisiondoke kwanza, akampima kwa mashine yangu.