Mbegu za mpopi wa bluu: tathmini baada ya kungoja miaka mitatu

Mbegu za mpopi wa bluu wa Himalaya, Meconopsis baileyi, nilizinunua mwanzoni mwa 2022 kutoka kitalu kimoja cha Scotland kinachouza kwa posta, nami sikutaka kuziandikia tathmini kabla mimea haijachanua, kwa kuwa ubora wa mbegu za namna hii haujulikani siku pakiti inapofunguliwa.

Mpopi huu si ule wa afyuni. Asili yake ni milima ya kusini-mashariki mwa Tibet, ambako Frank Kingdon-Ward, Mwingereza mtaalamu wa mimea, alikusanya mbegu mwaka 1924, na ulipoonyeshwa London miaka miwili baadaye watu wengi waliutamani. Hata hivyo, hauvumilii joto wala ukavu, na ndiyo maana hustawi zaidi Scotland, penye ubaridi na mvua, kuliko kusini mwa Uingereza. Mimi ninaishi karibu na Edinburgh. Ndugu zangu wa Dar es Salaam waliponiomba mbegu niliwakatalia, maana ningewapa kazi bure.

Pakiti iliuzwa paundi nne, bei ambayo naiona ya haki. Kati ya mbegu 50 zilizoota ni 19, na huenda zingeota nyingi zaidi kama zingekuwa mpya, ila pakiti haikutaja mwaka zilipovunwa, nami nauliza kwa kuwa mbegu za mpopi huu hupoteza uhai upesi zisipowekwa penye baridi. Maelezo ya kupanda ndiyo yaliyoniudhi hasa. Yaliagiza mbegu zifukiwe na trei iwekwe mahali pa joto, ilhali mbegu hizi ndogo kama vumbi hutakiwa kutandazwa juu ya udongo wenye unyevu na kuachwa kwenye ubaridi wa wastani. Nusu ya trei niliipanda kwa kufuata maelezo hayo, na humo uliota mche mmoja tu. Miche saba ikafa baadaye kwa kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga, lakini hilo silihesabu kuwa kosa la muuzaji, kwa sababu nilimwagilia kupita kiasi.

Wala pakiti haikusema kwamba majira ya baridi majani hunyauka yote na mmea hujificha chini ya ardhi. Desemba ile nilikaribia kuvimwaga vyungu vyote nikidhani nimepoteza kila kitu; Machi vikachomoza vichipukizi vyenye manyoya ya rangi ya kahawia.

Mwaka wa pili mmea mmoja ulitoa tumba. Wakulima wazoefu hushauri likatwe, kwa sababu mmea wenye shina moja ukichanua mapema mara nyingi hufa, lakini ukizuiwa huzaa machipukizi ya pembeni na kuishi miaka mingi. Nililikata, na iliniuma.

Juni 2024 mimea mitano ilichanua. Minne ilitoa bluu safi ya anga lililooshwa na mvua, yenye petali nyembamba zinazopitisha mwanga na chavua ya dhahabu katikati. Wa tano ulielekea zambarau, jambo la kawaida kwa mimea inayotokana na mbegu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilisimama mbele ya maua hayo, na siku mvua ilipoyapukutisha nilihuzunika kweli.

Kwa hiyo mbegu zenyewe nazisifu na nitanunua tena hapo hapo, ila safari hii nitaagiza vuli, mavuno yakiwa mapya, na ile karatasi ya maelezo sitaifuata.