Japani na mama yangu: mwongozaji alikofaa na asikofaa

Najua wengi mnaouliza kuhusu safari za Japani mnataka kwanza kusikia kama inafaa kulipia kundi lenye mwongozaji au uende mwenyewe. Jibu langu: inafaa, lakini thamani yake haiko Tokyo. Tokyo mtu mwenye simu yenye intaneti na kadi ya treni anazunguka bila shida. Mwongozaji ananiridhisha milimani, kule Takayama na Shirakawa-go, ananiridhisha Hiroshima, na zaidi ya yote ukiwa umefuatana na mtu mzima. Mimi nilikwenda na mama yangu mzazi, mzaliwa wa Pangani, umri umeshapita miaka 70, magoti yanamsumbua na Kiingereza hakimpandi. Tulikaa karibu wiki mbili mwezi wa Novemba, tukaanzia Tokyo, tukapanda milimani, tukashukia Kanazawa, kisha Kyoto, Nara na Hiroshima. Kundi lilikuwa dogo, hatukufika watu kumi na tano.

Novemba niliichagua makusudi. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili maua ya micheri huchanua na nusu ya dunia iko huko. Mwisho wa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei Wajapani wenyewe wana sikukuu mfululizo, treni hujaa na hoteli hupanda bei. Juni ni mvua, Agosti ni joto la unyevunyevu, Septemba kuna vimbunga. Novemba hewa ni kavu, majani ya miti yanageuka mekundu na manjano, na mama alitembea na sweta moja tu mchana kutwa, isipokuwa milimani.

Kwenye viza kampuni ilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Ubalozi wa Japani unataka ratiba ya siku hadi siku: unalala wapi, anwani ipi, simu ipi. Kampuni ilinipa orodha nzima ya hoteli kabla sijamalizia malipo, nikaiambatanisha na taarifa ya benki na nafasi ya ndege. Kama kampuni unayozungumza nayo inasita kukupa majina ya hoteli mpaka ulipe yote, tafuta nyingine.

Jambo la pili ni ile pasi ya treni wanayouziwa wageni. Zamani ilikuwa kama lazima. Lakini Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000, na kwa njia kama yetu, ambayo sehemu yake ni basi, hailipi. Wakala mmoja wa hapa nyumbani alikuwa ananisukumia niinunue. Kampuni tuliyosafiri nayo ilikata tiketi mojamoja, nikafanya hesabu mwenyewe nikaona wamefanya haki.

Kutoka kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja. Tulipitia Doha, tukatua tukiwa tumechoka, na Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Hapo ndipo lalamiko langu la kwanza: asubuhi iliyofuata ratiba ilitutaka saa mbili kamili tuwe chini tayari kwa matembezi ya Asakusa, mtaa wa zamani wa Tokyo. Kwa mzee aliyevuka masaa yote hayo, ile si ratiba ya kibinadamu. Hekalu la Senso-ji ni zuri, lile taa kubwa jekundu la langoni na mtaa wa maduka unaoelekea ndani, lakini mama aliliona akiwa nusu usingizini.

Lalamiko la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika wazi: hatuli nguruwe, hatutumii chochote chenye pombe. Chakula cha mchana cha siku ile ile tukaletewa nyama ya nguruwe iliyokaangwa. Mama akala wali mweupe na kachumbari. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwongozaji wetu alipoona ile sahani alikasirika kwa niaba yetu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kitambulisho cha leseni ya taifa. Mfumo huo wa leseni una mitihani na ulianza mwaka 1949, ila tangu 2018 sheria inamruhusu hata asiye na leseni kuongoza wageni kwa malipo, kwa hiyo ni swali la kuuliza kabla hujalipa. Alipiga simu ofisini kwao palepale. Jioni akakaa na mimi hotelini, akanieleza kwamba tatizo la chakula cha Kijapani kwa Mwislamu si nyama peke yake: mvinyo wa mchele umo kwenye mchuzi, umo kwenye samaki wa kuchoma, na hata baadhi ya sosi za soya zina pombe. Akaniandikia kadi kwa Kijapani yenye kila tusichokula. Kuanzia siku ile alikuwa anapiga simu kila mahali usiku wa kuamkia, na hatukupata tena shida.

Ijumaa tuliomba ruhusa tukaswali Tokyo Camii, msikiti wa Waturuki ulioko Yoyogi-Uehara. Jengo la sasa lilikamilika mwaka 2000, pale pale uliposimama ule wa 1938. Kwingine kote tuliswali chumbani. Kibla kutoka Japani ni magharibi ikielekea kaskazini kidogo. Na kuna neema moja ambayo sikuisoma popote kabla ya kwenda: karibu kila choo, hotelini na hata stesheni, kina maji ya kujisafishia yanayotoka kwa kubonyeza kitufe, na ni ya uvuguvugu. Mama aliifurahia kuliko minara yote ya Tokyo.

Kutoka Tokyo hatukubeba masanduku. Japani kuna huduma ya kutuma mizigo: unakabidhi sanduku hotelini leo, kesho au keshokutwa unalikuta mji unaokwenda. Sisi tulituma makubwa moja kwa moja Kanazawa, tukabaki na mabegi madogo kwa siku za milimani. Ukisafiri na mzee usiifikirie mara mbili. Kwenye treni ya mwendokasi ya Tokyo kwenda Kyoto, sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 ni lazima uwe umelikatia kiti maalumu, na treni husimama kituoni kwa muda mfupi sana. Tulipanda hadi Nagoya, tukabadili, tukaingia treni ya mlimani inayofuata mto hadi Takayama.

Hapa sasa ndipo pesa yangu iliporudi.

Kijiji cha Shirakawa-go kiko kama dakika 50 kwa basi kutoka Takayama. Wengi huja asubuhi, wakapanda kwenye kilima cha kupigia picha, wakanunua aiskrimu, wakaondoka. Nyumba zake za mapaa ya nyasi ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1995, na ukizitazama kwa nje ni picha nzuri tu. Mwongozaji wetu alitupeleka moja kwa moja ndani ya nyumba ya zamani ya familia ya Wada, akatupandisha ghorofani. Mama alipanda zile ngazi taratibu, mkono mmoja kwenye bega langu.

Juu kule hakuna dari. Unaiona mifupa ya paa lote: magogo mazito yaliyofungwa kwa kamba na kwa vijiti vya mti mbichi vilivyosokotwa, misumari hakuna. Kila kitu ni cheusi kwa moshi. Mwongozaji akaeleza kwamba chini kuna jiko la kuni katikati ya sakafu, na moshi wake hupenya hadi juu kwa makusudi: unakausha nyasi, unafukuza wadudu, unazikaza kamba. Nyumba ikikaa bila moto, paa linaoza haraka. Ghorofa zile walikuwa wakifugia viwavi wa hariri, ndiyo maana mapaa ni marefu, na mteremko wake unafikia nyuzi 60 ili theluji isiyalemee. Nyasi hudumu miaka 30 hadi 40, na siku ya kuezeka upya kijiji kizima hupanda juu ya paa pamoja.

Nilikuwa namtafsiria mama, na yule mwongozaji alikuwa akisubiri kila baada ya sentensi mbili tatu ili nimalize. Mama alikulia chini ya makuti. Akashika kamba moja, akaivuta kidogo, akauliza: “Na siku ya kuezeka, anayewapikia watu ni nani?” Nikatafsiri. Mwongozaji akasema ni wanawake wa kijiji, na mwenye nyumba huandika daftari la nani alikuja na alileta nini, ili naye akawalipe kwa kazi siku yao ikifika. Mama akasema hiyo ni msaragambo. Wakakaa pale na kuulizana maswali ya kamba na nyasi mpaka kundi likatutangulia. Simu isingenipa mazungumzo yale. Tangu siku hiyo mwongozaji alikuwa anamsalimia mama “Shikamoo” kila asubuhi, nami sikumfundisha. Alimsikia kijana mmoja wa kundi letu kutoka Nairobi.

Usiku tulilala kwenye nyumba ya wageni ya jadi, sakafu ya mikeka, godoro linatandikwa chini. Hapa mwenye mzazi aulize mapema. Mwongozaji alikuwa ameshatuombea chumba chenye kitanda na viti vya kulia, maana kumkalisha mama chini mbele ya meza fupi kisha kumwinua ni adhabu. Bafu za maji ya moto huwa za pamoja, wanawake kwao na wanaume kwao, na watu huingia uchi kabisa. Mama asingeingia. Lakini nyumba nyingi zina bafu dogo la kukodi kwa zamu, unafunga mlango ni lenu peke yenu. Tulilipata, na mama alisema magoti yalilegea kuliko dawa yoyote aliyopakwa mwaka ule. Vazi la pamba wanalokupa livae upande wa kushoto ukiwa juu. Wa kulia ukiwa juu ni jinsi wanavyomvika maiti.

Kanazawa tulikaa kidogo, bustani ya Kenroku-en ilitosha. Kutoka pale siku hizi kwenda Kyoto unabadili treni Tsuruga, kwa sababu reli ya mwendokasi ilifikishwa huko Machi 2024.

Kyoto naipenda na inachosha. Watu ni wengi mno, mabasi ya mji yanajaa hadi wenyeji wanakosa nafasi. Mwongozaji alitutoa saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda hekalu la Fushimi Inari, ambako hakuna kiingilio na halifungwi. Tulipita chini ya malango mekundu karibu peke yetu. Nyuma ya kila lango kuna jina la mtu au biashara iliyolitoa. Saa tatu tulipokuwa tunashuka, njia ilikuwa haipitiki. Mtaa wa Gion alitueleza kwamba tangu 2024 vichochoro vya binafsi wageni hawaruhusiwi, kuna vibao vya faini ya yeni 10,000, kwa sababu watu walikuwa wakiwakimbiza kwa kamera wale wanawake wasanii wanaoitwa geisha. Alitusimamisha barabara kubwa na hapo tukatosheka. Kilichonikera Kyoto ni kile kilichoandikwa kwenye ratiba “maonyesho ya ufundi”, kumbe ni duka, na karibu saa nzima ikapotea. Kampuni iliyolipwa kwa bei ile haina sababu ya kutuuzia vitambaa.

Hiroshima nilitaka kwenda kwa moyo wangu wote. Mwongozaji alizungumza nje, kabla hatujaingia makumbusho, mbele ya lile jengo lililobaki na kuba la vyuma. Alisimulia tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu la atomiki lilipolipuka, watu wakiwa njiani kwenda kazini na watoto wa shule wakibomoa nyumba kutengeneza njia za kuzuia moto. Kisha akasema ndani hatasema neno, kila mtu aende kwa mwendo wake. Alijua kazi yake. Ndani kuna baiskeli ya magurudumu matatu, imeungua na kupata kutu, ya mtoto wa miaka mitatu. Mama alisimama hapo akasoma Fatiha.

Na hapo ndipo ratiba ilipotukosea kwa mara ya tatu: saa moja tu kwa makumbusho, kwa sababu ya kukimbilia kivuko cha kisiwa cha Miyajima. Tena waliopanga hawakutazama maji. Lile lango kubwa la baharini la hekalu la Itsukushima, kisiwani pale, huelea maji yakijaa, na yakipwa unatembea hadi kwenye nguzo zake. Mtu wa pwani hawezi kupanga siku kama ile bila kuuliza bamvua. Mwongozaji alikuwa na jedwali la maji kwenye simu, akaona tungefika wakati wa katikati, si maji si nchi kavu. Akakihamishia kivuko asubuhi ya kesho yake, akatupa saa mbili zaidi makumbusho, na kwa ajili hiyo akakata kituo kingine cha duka. Kesho yake maji yalikuwa yamekupwa. Mama alishika nguzo ya mkarafuu maiti iliyosimamishwa tangu 1875 kwa uzito wake tu, haikuchimbiwa chini.

Haya yote nimeiandikia kampuni, pamoja na ile sahani ya nguruwe na asubuhi ya Asakusa. Wamejibu kwamba siku ya kwanza itakuwa ya mapumziko na Hiroshima itapata siku nzima. Kuhusu maduka hawakusema lolote. Ukipewa ratiba ya safari kama hii na kampuni yoyote, fungua kwanza ukurasa wa Hiroshima, kisha uulize jina la duka kila palipoandikwa “maonyesho”.